Aibu ya Miaka Kumi na Minne

Miongoni mwa wapenzi wa ushairi kuna dhana iliyokita mizizi kwamba televisheni ni chombo cha kupotezea wakati, na kwamba vipindi vinavyotungwa kwa ajili ya vijana wa skuli ndio makapi ya makapi. Dhana hiyo haikuzuka bure. Aghalabu vipindi hivyo huigizwa na watu wazima wa miaka ishirini na tano waliobebeshwa mikoba ya wanafunzi. Nyuso zao hazijui chunusi, nywele zao hazichafuki hata kwa upepo, na kila tatizo linalozuka huwa limeshapatiwa dawa kabla ya tangazo la mwisho la sabuni. Mwenye kuvidharau hana dhambi. Hata hivyo, hutokea mara chache mtunzi akaichukua fani iliyodharauliwa na akaibebesha maneno ambayo fani zinazoheshimiwa zilishindwa kuyabeba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa tamthilia ya Kimarekani iitwayo Freaks and Geeks.

Ilitungwa na Paul Feig, ikasimamiwa na Judd Apatow, na shirika la NBC lilianza kuionyesha tarehe 25 Septemba 1999. Jumla yake ni sehemu 18, na hakuna hata moja inayofika saa nzima. Mandhari yake ni mji wa kubuni uitwao Chippewa, pembezoni mwa Detroit katika jimbo la Michigan, katika mwaka wa masomo wa 1980 na 1981. Feig alikulia pande hizo hizo, na skuli aliyosoma iliitwa Chippewa Valley, kwa hiyo jina la mji alilibuni kwa nusu tu. Jina la tamthilia, likifasiriwa kwa haraka, ni “Wahuni na Mabwege”. Wahuni ni wale wanaojificha kuvuta bangi na kukwepa masomo. Mabwege ni wale wadogo wa umbo, wapenzi wa hadithi za sayari na wa michezo ya kufikirika, ambao kila mpira unapochezwa huchaguliwa mwisho. Lindsay Weir, msichana bingwa wa hesabu, ameanza kuwafuata wahuni. Mdogo wake, Sam, mwenye umri wa miaka 14, ni bwege kwa kuzaliwa, pamoja na masahibu zake wawili, Neal na Bill.

Picha ya kwanza kabisa inatangaza nia ya mtunzi. Uwanjani, juu ya majukwaa ya watazamaji, kijana mchezaji wa mpira na msichana mzuri wameketi wakiambiana mapenzi. Maneno yao ni yale yale yaliyokwisha kusikika mara elfu. Kamera inawasikiliza kidogo, kisha kama iliyochoka inateremka polepole, inapenya chini ya majukwaa, na huko inawakuta wahuni wakipiga soga. Haikai. Inaendelea mbele na kuwakuta mabwege, ambao muda si muda wanavamiwa na mbabe wa skuli. Wale wapenzi wawili wa juu, ambao katika tamthilia nyingine wangekuwa ndio kisa chote, wameachwa huko huko juu.

Kiswahili kina utajiri wa maneno katika jambo ambalo tamthilia hii imelishughulikia kuliko lolote jingine. Kuna haya, ambayo mtu huwa nayo kabla ya tendo na humzuia. Kuna aibu, ambayo humkuta baada ya tendo. Kuna fedheha, ambayo haitimii mpaka wawepo mashahidi. Na iko izara, neno la watunzi wa kale, ambalo sasa halisikiki sana nje ya tungo. Ujana wa skuli ni umri ambao mtu hupitia yote hayo baina ya kengele ya asubuhi na ya mchana, na akirudi nyumbani akaulizwa habari za skuli, hujibu kwamba ni nzuri. Waandishi wengi wa vipindi vya vijana hulijua hilo, lakini hulikimbia. Humfedhehesha kijana katika dakika ya kumi ili wapate kumlipia katika dakika ya arubaini: mbabe aanguke kwenye tope, msichana akubali, ukumbi mzima upige makofi. Feig na wenzake walikataa malipo hayo.

Walianza na wao wenyewe. Kabla ya kuandika, waandishi wote wa tamthilia walipewa hojaji ya kueleza mambo mazuri na mabaya kabisa yaliyowapata walipokuwa skuli, na visa vingi vilichotwa humo. Kisa cha suti ni cha Feig mwenyewe. Sam, akitaka kupendeza kama watu wazima, anashawishiwa na muuza duka kununua vazi la kipande kimoja, la buluu, suruali na shati vimeungana, linalosemekana kuwa ndio fasheni ya Paris. Asubuhi anaingia nalo skuli kwa mwendo wa kujiamini. Hatua tano za kwanza ni za mfalme. Ya sita anaona jicho moja limemtazama, ya saba anaona macho kumi, na kutoka hapo ukumbi wa skuli unakuwa mrefu kuliko safari ya Hijaz kwa miguu. Hakuna anayemwokoa. Hana hata ruhusa ya kurudi nyumbani, na siku nzima iko mbele yake. Mtazamaji anacheka, naye Feig anamruhusu acheke, ila kamera haiondoki kwenye uso wa mtoto, na baada ya muda cheko linabadilika ladha mdomoni mwa mwenye kucheka.

Uso huo unastahili kutajwa. John Francis Daley, aliyemwigiza Sam, alikuwa kweli ni mtoto wa miaka 14. Martin Starr aliyemwigiza Bill na Seth Rogen aliyekuwa mmoja wa wahuni walikuwa na miaka 17. Tuzo pekee ya Emmy iliyopata tamthilia hii, mwaka 2000, ilikuwa ya uteuzi wa waigizaji, na majaji walikuwa na haki. Mtoto halisi hawezi kuigiza umri asioufikia, na hawezi kuuficha alionao. Sauti ya Sam inapokwaruza, inakwaruza kweli.

Kilele cha tamthilia, kwa upande wa ufundi wa kusimulia, ni kisa cha mlango wa gereji. Aliyekulia kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari atahitaji maelezo kidogo: katika vitongoji vile kila nyumba ina banda la gari, na mlango wake hufunguka wenyewe mwenye gari anapobonyeza rimoti. Neal ni mtoto wa daktari wa meno, mtu mcheshi mwenye bashasha, na Neal anamhusudu baba yake kiasi cha kuiga mizaha yake neno kwa neno. Siku moja Sam anamwona daktari huyo amemkumbatia mwanamke asiye mkewe. Habari inamfikia Neal, naye anaikataa, mpaka anapoikuta ndani ya gari la baba yake rimoti ambayo si ya nyumba yao. Basi anaichukua, anapanda baiskeli, na kuanza kupita mtaa kwa mtaa akiielekeza kwenye kila mlango na kubonyeza.

Hapa hakuna hotuba. Kuna mtoto juu ya baiskeli, safu za nyumba zinazofanana, na kidole kinachobonyeza. Kila mlango usiofunguka ni rehema. Anaomba usifunguke, na hawezi kuacha kubonyeza. Mwisho mmoja unafunguka, na ndani yake limeegeshwa gari analolijua. Mshairi angeweza kuutumia mwaka mzima kutafuta taswira kama hiyo, ya mtu anayeitafuta kwa bidii habari ambayo itamvunja, na asiipate. Waandishi wa kipindi cha vijana waliipata katika kifaa cha plastiki kinachouzwa dukani. Katika sehemu nyingine, mbele ya wageni waliojaa nyumbani, Neal anamtukana baba yake kwa kinywa cha mwanasesere wa mazingaombwe, kwa kuwa kinywa chake mwenyewe hakithubutu. Kisha inabainika kwamba mama alikuwa akijua siku zote. Mtoto aliyedhani amebeba siri peke yake anatambua kwamba nyumba nzima ilikuwa imejengwa juu yake.

Wahuni nao hawakupewa upungufu wa heshima. Mzuri wao wa sura ni Daniel, aliyeigizwa na James Franco, ambaye anamwomba Lindsay amsaidie katika mtihani wa hesabu. Anamsimulia kisa cha kusikitisha: alipokuwa na miaka 11 walimu waliwapima watoto na kuwagawa makundi matatu, wenye akili, wa kawaida na wajinga, naye akatiwa kundi la tatu. Tangu siku ile, anasema, alijua yeye ni nani. Lindsay anaingiwa na huruma, na mtazamaji pia. Katika kipindi cha kawaida hotuba hiyo ingekuwa ndiyo roho ya kisa, na msichana angempandisha kijana daraja kwa upendo na subira. Badala yake wanabambwa kwa udanganyifu, wanaitwa mbele ya walimu na wazazi, na Daniel, alipobanwa, anaanza kusimulia tena: alipokuwa na miaka 11 walimu waliwapima watoto. Maneno ni yale yale, vituo ni vile vile, mpaka kule kuinamisha macho. Lindsay anapasua kicheko asichoweza kukizuia, na sehemu inaishia katika kicheko hicho.

Uzito wake ni kwamba kisa cha Daniel yumkini ni cha kweli. Hakuna kinachoonyesha kwamba hakutiwa kundi la tatu. Maumivu yake ni ya kweli, na ameyageuza kuwa ufunguo wa kufungulia mifuko ya watu. Ni wangapi miongoni mwa watunzi wa mashairi ya huzuni wanaoweza kusimama mbele ya kicheko kile cha Lindsay bila ya kujikuna?

Kuna pia jambo la imani, na hapa msomaji wa pwani huenda akavuta uradi. Lindsay hakuwafuata wahuni kwa kushawishiwa. Bibi yake alipokuwa akikata roho, ni yeye peke yake aliyekuwepo chumbani. Alimuuliza kama anaona chochote, na bibi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu mwema, akamjibu kwa hofu kwamba hakuna kitu. Tangu siku hiyo Lindsay amevaa koti la jeshi la baba yake na ameacha mashindano ya hesabu. Walimu wanadhani ni marafiki wabaya. Wazazi wanadhani ni umri. Baba, mwenye duka la vifaa vya michezo, ana dawa moja kwa kila ukorofi, nayo ni kumtaja mtu aliyewahi kuufanya ukorofi huo na kumalizia kwamba alikufa. Vichekesho bora vya tamthilia vimo humo. Binti amekwisha kukutana na mauti yenyewe na hana wa kumwambia ila mdogo wake, usiku, kwa sauti ya chini. Mtunzi hakulijibu swali la bibi, wala hakulifanyia maskhara. Mwenye imani yake anaweza kuitazama tamthilia yote na kutoka nayo salama, lakini hataweza tena kumtazama kijana aliyebadilika ghafla na kusema kwa wepesi kwamba ameharibiwa na wenzake.

Mapenzi yamepitiwa kwa kasi zaidi, nalo ni jambo la kushukuru. Sam anampenda msichana aitwaye Cindy kwa takriban mwaka mzima, kisha, kinyume na matarajio ya kila mtu, anampata. Anampeleka kutazama The Jerk, filamu ya mwaka 1979 anayoipenda kuliko zote. Cindy hacheki hata mara moja. Basi, imekwisha. Sam anaachana naye akiwa na mshangao wa mtu aliyekuta sanduku alilolisotea halina kitu ndani.

Na iko sehemu ya Bill, ambayo walioitazama hawaisahau. Bill ni mrefu, mwembamba, ana miwani mikubwa na sauti ya kujikokota. Anaishi na mama yake tu, ambaye yuko kazini mchana. Siku moja baada ya masomo anaingia nyumbani peke yake, anakaanga mkate wenye jibini, anajikatia keki, anamimina maziwa, anaketi mbele ya televisheni. Anatokea mchekeshaji Garry Shandling, na Bill anaanza kucheka. Anacheka huku amejaza kinywa, mabega yanatikisika, chakula kinataka kumtoka. Hakuna maneno. Kuna wimbo wa kundi la The Who na mtoto anayecheka katika nyumba tupu. Dakika hiyo haina aibu hata chembe, na mtazamaji anatambua, labda kwa mara ya kwanza, jinsi aibu ilivyokuwa imeijaza tamthilia nzima, kwa kuwa sasa tu haipo. Mtoto huyu ambaye hakuna amtakaye si mpweke anapokuwa peke yake. Upweke wake uko skuli, kati ya watu mia. Kinachoongeza uchungu ni kwamba mwanamume anayemchumbia mama yake ni yule yule mwalimu wa mazoezi ya viungo anayemdhalilisha uwanjani, na nyumba ile tulivu karibu itaingiliwa.

NBC haikuionyesha sehemu hiyo kamwe. Waliona ni busara kukipanga kipindi cha vijana Jumamosi saa mbili usiku, wakati ambapo vijana wengi hawako nyumbani. Kilisimamishwa kupisha fainali za besiboli, kikahamishiwa Jumatatu na kuwekwa kukabiliana na Who Wants to Be a Millionaire, mashindano ya mamilioni ambayo nchi nzima ilikuwa imeyapagawia. Feig na Apatow wamesimulia jinsi wakuu wa shirika walivyowasihi wahusika wapate japo ushindi kidogo. Kwa haki, ombi hilo lina mantiki ya biashara: mtu aliyefedheheshwa kazini kutwa nzima hataki kufedheheshewa mtoto wakati wa chajio. Ila ushindi ndio uliokuwa uongo wenyewe ambao tamthilia ilitungwa kuukwepa. Machi 2000, baada ya sehemu 12 kuonyeshwa, ilifutwa. Tatu zilitolewa kwa pamoja usiku mmoja wa Julai. Tatu zilizobaki, pamoja na ile ya Bill, zilikuja kuonyeshwa na stesheni nyingine katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Kwa mpangilio huo wa ajabu, watazamaji walioneshwa mwisho kabla ya kumaliza kuona katikati.

Hata kuitoa kwenye DVD kulichukua mpaka mwaka 2004, kwa sababu ya gharama za haki za nyimbo zilizomo, na watunzi wake hawakukubali nyimbo hizo zibadilishwe. Waliofahamu ushairi wataelewa ukaidi huo.

Waliohusika hawakupotea. Apatow, Rogen na Jason Segel walikuja kuwa miongoni mwa majina makubwa ya filamu za kuchekesha za Marekani, na Feig aliongoza Bridesmaids mwaka 2011. Daley, yule Sam wa suti ya buluu, alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa filamu ya mwaka 2023 iliyotokana na Dungeons & Dragons, ambao ndio mchezo wa kufikirika wanaoucheza mabwege katika tamthilia. Joe Flaherty, baba wa vifaa vya michezo aliyewaua watu wote kwa maneno, alifariki mwezi Aprili 2024.

Mchezo huo ndio uliomo katika sehemu ya mwisho, aliyoiandika na kuiongoza Feig mwenyewe mapema, kabla ya wakati wake, kwa kuwa alikwisha kuinusa hatari. Daniel, mzuri wa sura, anajikuta meza moja na mabwege, amepewa uhusika wa kibeti aitwaye Carlos, na anauingia mchezo kwa furaha ambayo hakuwahi kuonekana nayo kati ya wahuni wenzake. Anaomba wacheze tena kesho. Mabwege wanabaki wakijiuliza kwa kunong’ona: je, kupenda kwake mchezo huu kumemfanya yeye kuwa bwege, au kumewafanya wao kuwa watu wa maana? Bill na wenzake wanaelekea kuamini hilo la pili. Hakuna anayewakanusha.

Lindsay amechaguliwa, kwa akili zake, kuhudhuria mkutano wa wanafunzi bora chuo kikuu wakati wa likizo. Familia nzima inamsindikiza kwenye basi. Anawapungia mkono dirishani, naye baba, ambaye kwa mara ya kwanza hakumtaja mtu yeyote aliyekufa, anapunga pia. Basi linaondoka. Mbele ya safari binti anateremka, akiwa na lile koti la jeshi, na hapo anangojwa na Kim, mkali kuliko wahuni wote, pamoja na wafuasi wa kundi la muziki la Grateful Dead na gari lao, tayari kulifuata kundi hilo mji kwa mji. Anapanda. Wakati huo Harold na Jean Weir wameshageuka kurudi nyumbani, wakiamini kwamba mtoto wao yumo njiani kwenda chuo kikuu. Sehemu ya 19, ambayo ingewaambia, haikutungwa.